Mume wa Malkia Atawalaye: Shida ya Kumpa Jina

Mfasiri wa hadithi za dunia za kubuni hukutana na shida moja isiyo ndogo, nayo ni jinsi ya kumwita mume wa malkia atawalaye. Mfano ulio wazi ni Hizdahr zo Loraq, mtu wa ukoo mkubwa wa mji wa Meereen, katika kitabu cha George R. R. Martin, A Dance with Dragons, kilichotolewa mwaka 2011.

Kisa chenyewe ni hiki. Daenerys Targaryen aliuteka mji ule akawaacha huru watumwa. Kisha watu wake wakawa wanauawa usiku na maadui waliojificha. Aliposhauriwa aolewe na Hizdahr, alitoa sharti: kwanza pawe na amani siku 90. Sharti lilitimizwa, ndoa ikafungwa, na Hizdahr akaitwa mfalme. Baadaye malkia alipanda joka lake akatoweka mjini. Hizdahr alibaki akitawala, mpaka Barristan Selmy, mkuu wa walinzi wa malkia, alipomtia nguvuni. Swali la kisa hiki ni moja: je, ndoa ilimpa Hizdahr utawala, au ilimpa jina tu?

Maneno yetu yaweza kulijibu swali hili kabla ya mtunzi. Neno malkia lina maana mbili. Katika Biblia ya Kiswahili, malkia wa Sheba ndiye mtawala wa nchi yake, lakini Esta ni malkia kwa sababu ameolewa na mfalme. Mfalme, kwa upande wake, hudhaniwa daima kuwa ndiye mtawala. Basi wakitajwa pamoja “mfalme na malkia”, msomaji atamdhani Daenerys kuwa ni mke tu wa mwenye enzi.

Neno bwana lina hatari zaidi, kwa kuwa ni mume na tena ni mkubwa wa mtu. “Bwana wa malkia” huweza kuwa mwenye kumwamuru. Hata kitendo cha ndoa chaegemea upande mmoja: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, ingawa hapa mwenye kuweka masharti ni mwanamke.

Historia nayo yaonya kwamba jina na mamlaka si kitu kimoja. Philip wa Hispania alimwoa Mary wa Kwanza mwaka 1554 akaitwa mfalme wa Uingereza, lakini cheo hicho kilikoma malkia alipofariki mwaka 1558. Philip mwingine alimwoa Elizabeth mwaka 1947. Mkewe akatawala tangu mwaka 1952, naye hakuwa mfalme hata alipofariki mwaka 2021.

Kwa hiyo yafaa kusema “malkia mtawala” pale mkewe anapotajwa mara ya kwanza, na “mume wa malkia” kwa mwanamume asiye na enzi yake mwenyewe. Hizdahr aitwe mfalme pale tu watu wa kisa wanapomwita hivyo, na msimulizi asimwongezee. Na badala ya “alimwoa malkia”, heri kusema “malkia alikubali kuolewa naye”. Mfasiri akiyachanganya haya atakuwa amempa Hizdahr kiti ambacho Selmy alikataa kumwachia, na kisa kitakuwa kimekwisha kabla ya kusimuliwa.