KIOO CHA MURANO NA VYOMBO VYA KUIGA

Mgeni afikaye mji wa Venice, nchini Italia, huona maduka mengi yaliyojaa vyombo vya kioo vya rangi: bilauri, mabakuli, taa, na sanamu za ndege na samaki. Karibu kila duka limeandika neno Murano mlangoni. Lakini si kila chombo kinachouzwa humo kimetoka Murano, na mtu asiyejua huweza kulipa bei ya kazi ya fundi akapewa kitu kilichokuja kwa masanduku kutoka nchi ya mbali.

Murano ni mahali pa visiwa vidogo, karibu maili moja kutoka Venice. Mwaka 1291 Serikali ya Venice iliamuru matanuru ya kioo yahamishiwe huko, kwa kuwa ilihofia moto mjini. Mafundi walipewa heshima kubwa, ila walikatazwa kuihama nchi wasije wakauza siri zao. Wako waliotoroka hata hivyo, na kwa hiyo kuigwa kwa kioo cha Venice si jambo la jana.

Kioo chenyewe hutokana na mchanga mweupe na magadi. Wasomaji wa Kenya wanayajua magadi ya Ziwa Magadi, ambayo nayo huuzwa kwa viwanda vya kioo. Watu wa Venice wa zamani waliyapata ya kwao katika majivu ya mimea iliyochomwa Shamu na Misri. Kioo cha namna hii hakigandi upesi. Fundi hukipuliza kwa bomba la chuma, akakivuta na kukibana kwa koleo, na kila kinapoanza kuwa kigumu hukirudisha motoni.

Kazi hiyo huacha alama. Chombo kikipinduliwa, mara nyingi huonekana kovu la mviringo chini yake, mahali kiliposhikwa kwa fimbo ya chuma wakati mdomo ulipokuwa ukimalizwa. Pengine kovu hilo limesagwa mpaka likawa laini. Chombo kilichofanywa kwa kalibu huwa na mstari mwembamba ubavuni, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Tena, bilauri sita za mkono zitafanana kama ndugu, wala hazitalingana kama sarafu. Katika vyombo vyenye maua madogo, ambayo ni vipande vilivyokatwa katika vijiti vya kioo cha rangi nyingi, kazi njema huonyesha kila ua na mpaka wake, na kazi mbaya huonyesha rangi zilizoingiliana.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika. Alama hizo zote huonyesha kwamba chombo kilifanywa kwa mkono, wala hazionyeshi kilifanywa wapi. China wako mafundi wanaopuliza kioo kwa pumzi zao, na Ulaya vilevile. Wengine husema kwamba mapovu ndani ya kioo ni ushahidi. Sivyo, kwa maana kioo hafifu kina mapovu, na fundi hodari naye huyatia kwa makusudi ili kupamba. Hata sahihi iliyochorwa chini yaweza kuchorwa na mtu yeyote mwenye ncha kali, miaka mingi baadaye.

Wazee wa bara la Afrika ya Mashariki walikuwa wagumu kudanganyika kuliko watalii wa siku hizi. Katika karne ya 19 ushanga wa Venice ulipelekwa bara na misafara kutoka pwani, na kila nchi ilikuwa na rangi na ukubwa iliyoupenda. Msafara uliokosea ulirudi na mzigo wake.

Kwa ajili ya kuwalinda mafundi, mkoa wa Veneto ulitunga sheria namba 70 ya mwaka 1994, iliyoweka alama ya Vetro Artistico Murano. Alama hiyo hubandikwa pamoja na namba ya tanuru lililofanya kazi. Si matanuru yote yaliyojiunga, kwa hiyo chombo kisicho nayo chaweza kuwa cha kweli. Maneno “kwa mtindo wa Murano”, kwa upande mwingine, hayamfungi muuzaji kwa lolote.

Hasara si ya mnunuzi peke yake. Tanuru la kioo huwaka usiku na mchana, na bei ya gesi ilipopanda mno mwaka 2021 na 2022, mengine yalizimwa. Mwigaji hana gharama hizo, wala hana miaka mingi ya kumfundisha kijana kazi.

Yafaa, basi, mnunuzi aulize jina la tanuru, na amtake muuzaji aliandike katika stakabadhi, pamoja na kwamba chombo kilitengenezwa Murano. Muuzaji wa haki huandika bila kusita. Akianza kueleza kwamba desturi ya duka hairuhusu, chombo na kirudishwe juu ya rafu.