Sura ya 4: Njia ya Kuifikia Shahada ya Taaluma ya Filamu

Anayejiandikisha kusoma taaluma ya filamu huulizwa nyumbani ataanza lini kutengeneza filamu. Huenda akahitimu bila kushika kamera hata mara moja. Vyuo vya utengenezaji vipo, na kazi yao ni nyingine. Shahada hii humfunza mtu kuisoma filamu: nani ameonyeshwa, kutoka upande gani, kwa muda gani, na kwa nini mwingine ameachwa nje ya fremu. Masharti ya kuhitimu yamepangwa ili kumfikisha hapo.

Hesabu ndiyo sehemu nyepesi. Nchini Uingereza shahada hii kwa kawaida huchukua miaka 3 na krediti 360, kila krediti ikihesabiwa kuwa saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Marekani ni miaka 4 na krediti zipatazo 120, na kozi za filamu zenyewe ni karibu theluthi moja tu. Zilizobaki hugawanywa kati ya sayansi, historia, uandishi na, katika vyuo vingi, lugha ya kigeni. Wanafunzi hulilalamikia sana sharti la lugha. Mimi nalitetea. Katika Xala ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1975, binti humjibu baba yake kwa Kiwolofu kila anaposemeshwa Kifaransa, na ugomvi wa kizazi kizima umo ndani ya majibizano hayo. Mtazamaji anayesoma maandishi ya tafsiri chini ya skrini, asizisikie lugha zenyewe zikipishana, huona baba na mtoto wakizungumza tu.

Mwaka wa kwanza una kozi moja isiyokwepeka: uchambuzi wa filamu. Filamu nzima huonyeshwa ukumbini katika saa zilizotengwa mbali na mhadhara, na mahudhurio huandikwa. Kisha darasa huchukua kipande cha dakika mbili au tatu na kukichambua shoti kwa shoti: shoti imedumu sekunde ngapi, kamera iko wapi, mwanga unatoka wapi, sauti gani inasikika, mkato umeingia wakati gani. Wahadhiri wengi hukataa insha ya mwanzo inayosema filamu ni nzuri au mbaya. Wanataka kwanza maelezo ya kile kilichopo mbele ya macho, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Kipande kinachofundishwa mara nyingi kimo katika Citizen Kane ya Orson Welles, ya mwaka 1941. Mama ameketi mezani karibu na kamera, anatia saini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mtu wa benki. Baba amesimama nyuma kidogo, anapinga. Mbali kabisa, ndani ya fremu ya dirisha, mtoto anacheza kwenye theluji. Gregg Toland, mpigapicha mkuu, amewapiga wote waonekane wazi, wa karibu na wa mbali. Sauti ya mtoto inaingia chumbani huku maisha yake yakiamuliwa bila yeye kujua. Baba anafunga dirisha. Mama anainuka na kulifungua tena. Mwanafunzi aliyeweza kuandika kwamba mtoto yumo katikati ya mkataba kwa picha, lakini hayumo kwa kauli, ameanza kuipata taaluma.

Kozi za historia hufuata, kwa kawaida mihula miwili, kuanzia onyesho la ndugu Lumière mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Idara nyingi hudai pia angalau kozi moja juu ya sinema ya nje ya Ulaya na Marekani. Hiyo moja haitoshi.

Wengi hukwamia kwenye nadharia, kwa sababu huisoma kama majina ya kukariri. Nadharia ni mabishano. Lev Kuleshov, aliyefundisha katika chuo cha filamu cha Moscow kilichoanzishwa mwaka 1919, aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na bakuli la supu, kisha na jeneza, akadai kuwa maana huzaliwa kwenye mkato. André Bazin wa Ufaransa aliwasifu Welles na Toland kwa sababu iliyo kinyume: shoti ndefu yenye kina humwachia mtazamaji achague pa kuangalia. Mwaka 1975 Laura Mulvey akauliza kamera za Hollywood zinatazama kwa macho ya nani, na jibu lake lilikuwa mwanamume.

Mabishano haya yana uzito kwetu. Mwaka 1939 Uingereza ilianzisha Colonial Film Unit, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata mikato ya haraka. Filamu za makoloni zikatengenezwa polepole, kwa shoti ndefu zisizo na mbinu. Hiyo nayo ilikuwa nadharia ya mtazamaji, yenye bajeti na amri nyuma yake, wakati ambapo watu wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakilipa kiingilio kutazama filamu za Kihindi na za Kimarekani zenye mikato tele.

Sharti la mwisho ni tasnifu, ambayo vyuoni Uingereza mara nyingi hufika maneno 10,000 chini ya msimamizi mmoja. Mada ikiwa pana huua kazi. “Sinema ya Afrika Mashariki” si mada. Lakini kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu fupi 35 kwa ajili ya Waafrika. Chache zilizosalia zimehifadhiwa na British Film Institute. Mwanafunzi anaweza kuchukua moja, ile ya minyoo ya safura, aipime shoti kwa shoti na kuona mtengenezaji alimdhania nini mtazamaji wake. Mwingine anaweza kuwaendea wasimulizi wanaotafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa ajili ya vibanda umiza, achunguze wanayoyaongeza, wanayoyaruka, na mahali wanapoiacha picha ijisemee. Kazi hiyo ya pili huhitaji kibali cha maadili ya utafiti kabla ya kumhoji mtu yeyote, na kibali huchelewa, kwa hiyo maombi yapelekwe muhula mmoja kabla.