Shida ya maisha, mawazo mengi na siasa ya kutafuta adui

Ndugu viongozi, na ninyi familia mliokimbia makwenu,

Mtu aliyeacha shamba lake la muhogo na mbuzi wake hakupoteza chakula peke yake. Alipoteza pia heshima ya kulisha watoto wake na uwezo wa kupanga kesho. Ndiyo maana wengi hukosa usingizi, hukasirika upesi au hunyamaza siku nzima. Huo si uchawi wala udhaifu. Ni jeraha la vita na njaa.

Hasira hiyo yaweza kugeuzwa siasa, na Katanga imeyaona hayo. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, tena ilitunza shule na hospitali za wafanyakazi. Kufikia 1993 zilibaki tani 50,000 hivi. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, mitambo ilichakaa, na fedha zililiwa na utawala wa Mobutu. Lakini wanasiasa fulani waliwaambia watu kwamba adui ni jirani aliyetoka Kasai. Mwaka 1992 na 1993, mamia ya maelfu ya Wakasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko. Mishahara haikurudi.

Mitwaba nayo imeonja. Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha hapa Mei 2006, akatoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, Septemba 2011. Kisha wapiganaji wa Kata Katanga, waliodai Katanga ijitenge, walichoma vijiji, na watu wakakimbia tena. Kijana asiye na shamba wala kazi humsikiliza upesi anayemwahidi utajiri kwa bunduki.

Tunawaomba viongozi mambo matatu. Kwanza, orodha ya msaada isomwe mbele ya wote, ili wenyeji na wageni wasishukiane. Pili, zungumzeni na machifu kuhusu mashamba ya waliokimbia kabla mvua hazijaanza. Tatu, wekeni vikundi vya kusikilizana pamoja na likelemba, maana moyo hupona zaidi mikono ikipata kazi. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake. Asindikizwe kituo cha afya.

Na mtu akija kuwaonyesha adui, muulizeni: huyo akiondoka, shamba letu litarudi?