Mashabiki walivyoungoja ‘Master of Orion 3’ kwa hamu na kuvunjika moyo

MWISHONI mwa Februari 2003, wapenzi wa michezo ya tarakilishi nchini Marekani hatimaye walipata madukani Master of Orion 3, mchezo waliokuwa wameusubiri kwa hamu na ghamu kwa zaidi ya miaka sita.

Haikuchukua muda kabla ya furaha hiyo kugeuka manung’uniko. Wengi walilalamika kwamba walichouziwa sicho walichoahidiwa, na hadi leo kisa hicho hutajwa kama onyo kila panapotangazwa mchezo mwingine wa vita na utawala wa angani.

Ili kuelewa ni kwa nini watu wazima walivunjwa moyo kiasi hicho na mchezo, ni sharti mtu arejee nyuma hadi mwaka wa 1993. Wakati huo, kampuni ndogo ya Simtex kutoka Austin, jimboni Texas, ikiongozwa na Steve Barcia, ilibuni Master of Orion, nayo kampuni ya MicroProse ikausambaza.

Katika mchezo huo, mchezaji huchagua kuongoza mojawapo ya mataifa kumi ya viumbe, wakiwemo binadamu. Huanza na sayari moja pekee, kisha hutakiwa kujenga himaya kwa kutuma vyombo kwenye nyota za mbali, kuendeleza sayansi, kufanya mikataba na majirani na, inapobidi, kupigana nao.

Kuna pia sayari ya Orion, iliyopewa jina la kundi la nyota lililo jirani na Kilimia. Sayari hiyo imehifadhi maarifa ya kale na hulindwa na chombo cha kivita ambacho huangamiza wanaoikaribia bila kujiandaa.

Alipokuwa akiuchambua mchezo huo mwaka wa 1993 katika jarida la Computer Gaming World, mwandishi Alan Emrich aliueleza kwa herufi X nne. Herufi hizo ziliwakilisha maneno manne ya Kiingereza yanayobeba sauti hiyo, yenye maana ya kupeleleza, kupanuka, kuvuna rasilmali na kuangamiza. Tangu wakati huo, michezo yote ya aina hii huitwa kwa herufi hizo.

Mwaka wa 1996 ulitolewa mchezo wa pili, ukiwa na mataifa 13 na uwezo wa kumruhusu mchezaji kubuni taifa lake mwenyewe. Uliwanasa mashabiki kiasi kwamba kuna wanaoucheza hata sasa. Hata hivyo, Simtex ilifungwa mwaka uliofuata, na mashabiki wakabaki bila kujua iwapo kungekuwa na wa tatu.

Matumaini yalifufuka baada ya haki za mchezo huo kuangukia mikononi mwa kampuni ya Infogrames, ambayo iliipa Quicksilver Software ya California kazi ya kuunda Master of Orion 3. Miongoni mwa wabunifu wakuu waliopewa jukumu hilo alikuwa Emrich yuyo huyo aliyeupa ulingo huu jina lake.

Kwa mashabiki, hiyo ilikuwa sawa na mpenzi wa kandanda kukabidhiwa timu aliyoishangilia tangu utotoni. Isitoshe, wabunifu hawakujifungia. Walieleza mipango yao hadharani hatua kwa hatua, nao mashabiki wakaijadili, wakaikosoa na kupendekeza yao.

Tatizo kuu walilotaka kulitatua lilikuwa la kweli. Michezo hii huendeshwa kwa zamu. Mchezaji hutoa amri zake zote, kisha humaliza zamu na kusubiri kuona wapinzani wamefanya nini. Mwanzoni, akiwa na sayari mbili au tatu, kazi hiyo ni ya dakika chache.

Himaya inapokua na kufikia makumi ya sayari, mambo hubadilika. Kila sayari huhitaji kuamuliwa ni wakulima wangapi, viwanda vingapi na vyombo gani vijengwe. Zamu moja huweza kumeza nusu saa, na mtawala wa nyota hujikuta amegeuka karani wa kujaza fomu. Hivyo basi, anayeelekea kushinda ndiye anayechoka zaidi.

Suluhisho lililopendekezwa lilikuwa la kijasiri. Kila sayari ingekuwa na gavana anayeendeshwa na tarakilishi yenyewe, naye mchezaji angetengewa idadi maalumu ya mambo anayoweza kuyashughulikia katika kila zamu. Kama ilivyo kwa mtawala yeyote, angelazimika kuchagua lipi ni muhimu na lipi aliache kwa wasaidizi.

Mpango huo ulizua mjadala mkali. Baadhi ya mashabiki waliuona kama ugunduzi mkubwa, ilhali wengine waliuliza ni kwa nini mtu alipie mchezo kisha azuiwe kuucheza.

Mambo yalianza kwenda mrama kabla ya uzinduzi. Mchezo uliotarajiwa mwaka wa 2002 ulicheleweshwa, Emrich akaondoka kabla ya kazi kukamilika, na ule utaratibu wa kumwekea mchezaji kiwango cha shughuli ukatupiliwa mbali.

Hapo ndipo kiini cha tatizo kilipo. Kiwango kiliondolewa lakini magavana wakabaki. Sasa mchezaji alikuwa huru kutoa amri nyingi apendavyo, ila magavana waliweza kuzibadilisha pindi alipogeuza macho. Wengi walihisi kwamba tarakilishi ilikuwa ikijichezea yenyewe huku wao wakitazama.

Aidha, taarifa muhimu zilifichwa ndani ya kurasa na majedwali yasiyoelezeka kwa urahisi, nao wapinzani wakakosa makali. Wahakiki walitoa maoni mseto. Mgala muuwe na haki mpe: wapo waliousifu kwa upana wake, na mashabiki wenye ujuzi wa programu walijitolea kuurekebisha wao wenyewe kwa miaka iliyofuata.

Machi 2003, majuma machache tu baadaye, kampuni ya Stardock ya Michigan ilizindua Galactic Civilizations, mchezo wa aina hiyohiyo uliokuwa na malengo ya wastani zaidi. Ulipokewa vyema na ukapata warithi kadhaa.

Masaibu kama hayo yalijirudia mwaka wa 2011, wakati Sword of the Stars 2 ilipotolewa ikiwa na kasoro tele, hali iliyowafanya wasambazaji kuwaomba radhi wateja.

Jina la Master of Orion halikufa. Kampuni ya Wargaming ililinunua mwaka wa 2013 baada ya Atari ya Marekani, iliyokuwa ikilimiliki, kufilisika. Mchezo mpya ulioundwa na NGD Studios ya Argentina ulikamilika Agosti 2016. Safari hii mashabiki waliruhusiwa kuununua na kuujaribu miezi kadhaa kabla haujakamilika, ili waseme mapema panapowauma.

Mwaka uo huo wa 2016, mwezi wa Mei, Stellaris ya kampuni ya Paradox kutoka Uswidi iliuza zaidi ya nakala 200,000 katika saa 24 za kwanza, ithibati kwamba kiu ya michezo hii haijaisha. Mchezo huo umefanyiwa mabadiliko makubwa mara kadhaa tangu wakati huo.

Kwa shabiki anayengoja mchezo ujao, kisa cha mwaka wa 2003 kinatoa tahadhari ya manufaa. Mipango inayotangazwa huwa ni nia tu, na jambo moja likiondolewa, mengine yaliyolitegemea huyumba. Mwenye kukawia siku chache baada ya uzinduzi, akasoma maoni ya waliotangulia kucheza, hapungukiwi na kitu. Subira huvuta heri, hasa kwa anayelipa kwa fedha zake mwenyewe.