Jiko la Kuni Halinywi Maji

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, misitu imefunika karibu asilimia 90 ya ardhi, na nyumba nyingi za mashambani hupashwa joto kwa jiko la kuni: sanduku zito la chuma lenye bomba linalopanda mpaka juu ya paa. Mtu aliyetoka Uvira au Bujumbura akahamia huko, kama walivyohamia wengi, hukutana na Januari inayopasua midomo na kutoa damu puani, na hata kitasa cha mlango humpiga shoti. Wenyeji watamwambia kwamba jiko limekausha hewa, hivyo aweke birika la maji juu yake.

Ushauri si mbaya. Ila jiko linasingiziwa.

Mwaka 1801, John Dalton, mwalimu wa Manchester, alichukua mrija wa kioo uliojazwa zebaki, akaupindua, kisha akapenyeza maji kidogo kwenye nafasi tupu iliyobaki juu. Sehemu ya maji iligeuka mvuke, na mvuke huo ukaisukuma zebaki chini. Alipouzungushia mrija maji ya moto, zebaki ilishuka zaidi. Wasomi wengi wa siku zile waliamini kuwa hewa huyeyusha maji kama maji yanavyoyeyusha chumvi. Dalton akaonyesha kwamba kiasi cha mvuke kinachoweza kukaa mahali huamuliwa na joto la mahali hapo, hewa iwepo au isiwepo. Alikuwa mtu wa kupima: shajara yake ya hali ya hewa aliianza mwaka 1787 na hakuiacha mpaka alipofariki mwaka 1844.

Tuipeleke hesabu hiyo Maine. Kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, mita moja ya ujazo hubeba mvuke wa gramu 2 na ushei tu, hata theluji ikiwa inaanguka. Hewa hiyo ikipenya kwenye nyufa za madirisha na kupata joto la nyuzi 20 sebuleni, maji yake ni yale yale, hayakupungua hata kidogo. Lakini kwa joto hilo ingeweza kubeba gramu 17. Kwa hiyo unyevu wake sasa unasomeka kama asilimia 13. Hewa ya Zanzibar siku ya kawaida ina gramu 20 hivi.

Kosa la jiko ni dogo: moto huvuta hewa, na ile inayotoka na moshi hufidiwa na hewa kavu ya nje. Majiko ya kisasa yenye mlango unaobana huvuta kidogo kuliko moto wa wazi. Mhalifu mkubwa ni nyumba inayovuja, ambamo hewa yenye joto hupanda na kutorokea darini huku ya baridi ikiingia chini. (Na asije mtu akachoma kuni mbichi akidhani zitaongeza unyevu. Maji yake yote hupanda bombani, yakiondoka na joto ulilolipia na kuacha masizi ya lami yanayoweza kushika moto.)

Sasa birika. Nyumba ya mita 100 za mraba yenye dari ya mita 2.4 ina hewa mita 240 za ujazo. Ikiwa nusu yake hubadilishwa kila saa, kufikisha unyevu wa asilimia 40 kunadai zaidi ya lita 13 za maji kwa siku. Birika linalofuka taratibu hutoa lita chache tu. Ukiziba nusu ya mivujo, hitaji hushuka chini ya lita 7, na hapo birika, pamoja na nguo zilizoanikwa ndani mbali na jiko, huanza kuonekana kazi yake. Lakini usizibe bila kuliachia jiko njia yake ya hewa kutoka nje, wala usilale bila kengele ya kaboni monoksidi.

Faida haiishii kwenye midomo. Mwaka 2007 watafiti wa New York waliwaweka simbilisi wenye mafua makali karibu na wazima: kwa nyuzi 20, virusi vilisambaa kwa urahisi unyevu ulipokuwa asilimia 20 au 35, na kwa asilimia 80 havikusambaa kabisa.

Hata hivyo asilimia 80 ndani ya nyumba ya baridi ni balaa la kuvu na mbao kuoza. Hata kwa asilimia 40, kioo kilichopoa chini ya nyuzi 6 hulowa. Ndiyo maana asilimia 30 hadi 40 zinatosha, na usiku wa baridi kali hata pungufu. Nunua kipima unyevu kidogo, ukiweke mbali na jiko. Madirisha yakiamka yamelowa, epua birika.