WAAKYE: WALI NA KUNDE WA GHANA



Asubuhi na mapema katika miji ya Ghana, kama vile Accra, Kumasi na Tamale, watu hupanga foleni mbele ya mama anayeuza chakula kutoka sufuria kubwa. Wengine wamekuja na bakuli zao. Chakula hicho ni waakye, yaani wali uliopikwa pamoja na kunde hadi ukawa na rangi ya hudhurungi. Jina lake linatokana na maneno ya Kihausa yenye maana ya wali na kunde, nalo hutamkwa "waache". Lakini tunawasihi msiwaache akina mama hawa wapite bila kujifunza kitu kutoka kwao.

Kwa nini wali na kunde?

Wali peke yake hushibisha, lakini protini yake ina upungufu wa lisini, ambayo mwili unahitaji kwa kukua. Kunde zina lisini nyingi. Kunde nazo zina upungufu wa methionini, ambayo mchele unayo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja hujaza pengo la mwenzake. Kwa familia isiyomudu nyama kila siku, jambo hili si dogo.

Mahitaji (watu 6 hadi 8)

• Kunde kikombe 1
• Mchele vikombe 2
• Maganda makavu mekundu ya bua la mtama, vipande 8
• Chumvi
• Magadi au baking soda, robo kijiko cha chai (si lazima)

Namna ya kupika

1. Chagua kunde, zioshe, ziloweke usiku kucha. Mwaga maji hayo.
2. Osha maganda ya mtama, yakate, yaweke sufuriani pamoja na kunde na maji vikombe 6. Chemsha kwa dakika 30 hadi 45. Maji yatageuka kuwa mekundu sana.
3. Kunde zikianza kulainika bila kupondeka, tia mchele uliooshwa na chumvi. Maji yaupite mchele kwa kina cha kidole kimoja hivi. Yakipungua, ongeza ya moto.
4. Funika, punguza moto, acha maji yakauke na wali uive.
5. Ondoa maganda yote kabla ya kupakua. Hayaliwi.

Magadi huharakisha kuiva, hivyo huokoa kuni, na huzidisha rangi. Lakini yakizidi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Kunde zilizolowekwa vizuri hazihitaji magadi.

Tahadhari: si kila mtama hutoa rangi hii. Msitumie kamwe majani mabichi ya mtama mchanga, kwani yana sumu inayoweza kuua hata ng'ombe. Msipopata maganda yanayofaa, pikeni bila rangi. Lishe ni ile ile.

Vinavyoandamana nayo

Waakye hailiwi peke yake. Juu yake huwekwa mchuzi wa nyanya, yai la kuchemsha, samaki, tambi, ndizi mbivu za kukaanga, na gari, ambayo ni chenga za muhogo uliochachushwa na kukaangwa. Kachumbari na nyanya zina vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika kunde. Kisha kuna shito, pilipili nyeusi iliyokaangwa kwenye mafuta pamoja na kitunguu, tangawizi na unga wa dagaa au kamba wakavu. Ikipikwa hadi maji yote yaishe, hukaa muda mrefu bila kuharibika. Zamani chakula chote kilifungwa kwenye majani mapana, na wauzaji wengine wanafanya hivyo hata leo.

Usalama unapopikia wengi

Kamati nyingi hupika wali na maharage siku za semina na sherehe. Mambo mawili yazingatiwe.

Kwanza, mkitumia maharage mekundu badala ya kunde, yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Maharage hayo yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi.

Pili, wali uliopoa polepole ni hatari. Mbegu za bakteria fulani hustahimili kupikwa, kisha huzaana wali ukikaa vuguvugu na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Chakula kikae cha moto, zaidi ya nyuzi 60, au kiliwe ndani ya saa 2. Sufuria la wali wa asubuhi lisingoje wageni wa jioni.

Kwa wafadhili wetu

Anayeuza chakula asubuhi anasomesha watoto kwa sufuria hilo. Maji safi ya kunawa, mfuniko unaofunga vizuri na jiko linalotumia mkaa kidogo humwongezea faida na kuwalinda wateja wake. Msaada wa namna hii ni mdogo kwa bei, nao huonekana matunda yake kila asubuhi.

Maswali ya kujadili katika kamati

• Katika mikutano yetu, chakula hukaa saa ngapi kabla ya kuliwa?
• Nani huangalia maharage yamelowekwa na kuchemshwa ipasavyo?
• Ni akina mama gani jirani zetu wanaouza chakula, na wanakosa nini?