Deni Linalobishaniwa: Jinsi Mahakama Zinavyoamua Migogoro ya Ufilisi nchini Kenya na Uganda

Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi mahakama zinavyoamua migogoro inayozuka pale mtu au kampuni inaposhindwa kulipa madeni yake. Mifano mingi inatoka Kenya, ambako Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 iliweka mahali pamoja ufilisi wa mtu binafsi na ufungaji wa kampuni, mambo ambayo hapo awali yalikuwa katika sheria mbili tofauti. Uganda, iliyotunga sheria yake mwaka 2011, inatajwa pale ambapo utaratibu wake unatofautiana kwa namna yenye mafunzo.

Kabla ya sheria, tutazame neno lenyewe. Kufilisi, katika matumizi ya kila siku, ni kumwondolea mtu mali yake yote. Mfilisi ni anayeifanya kazi hiyo kwa amri ya sheria. Mufilisi ni yule aliyeshindwa kulipa. Irabu moja tu ndiyo inayowatenga. Nchini Tanzania, jina la Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini linatumia neno hilohilo kwa shughuli nzima. Si ajabu, basi, kwamba mwananchi anayesikia habari ya kesi ya ufilisi huona picha ya dalali akibeba viti. Sheria ina shabaha nyingine: kuwakusanya wadai wote, wakubwa kwa wadogo, ili kilichobaki kigawanywe kwa utaratibu au, ikiwezekana, biashara iokolewe. Ninavyoona, sehemu kubwa ya migogoro hii huamuliwa kwa kuuliza kama aliyeleta shauri anadai chake peke yake, au anafungua mlango ambao wadai wengine nao watapitia.

Notisi na ubishi wa kweli

Tuchukue mfano wa kubuni. Msambazaji wa unga anaidai kampuni yenye maduka shilingi 300,000 za Kenya. Sheria inamruhusu mdai wa shilingi 100,000 au zaidi kuipelekea kampuni notisi ya madai. Siku 21 zikipita bila kampuni kulipa, kuweka dhamana au kuafikiana naye kwa namna inayomridhisha, kampuni huchukuliwa kuwa haiwezi kulipa madeni yake, na msambazaji anaweza kuiomba Mahakama Kuu iifunge.

Kampuni inajibu kwamba unga ulikuwa na unyevu na magunia mengi yalirudishwa. Hapa ndipo wasiokuwa wanasheria hushangaa, kwa sababu jaji hasikilizi ushahidi ili aamue kama unga ulikuwa mbovu. Anauliza kama ubishi huo ni wa kweli na una msingi. Akiridhika kwamba ndivyo, hulizuia au kulitupilia mbali ombi la kufunga kampuni, na msambazaji huelekezwa kufungua kesi ya kawaida ya madai. Kanuni hii ilielezwa wazi katika shauri la Uingereza la Mann dhidi ya Goldstein, lililoripotiwa mwaka 1968, nalo hutajwa mara kwa mara katika mahakama za Kenya. Ombi la kufunga kampuni si njia halali ya kulazimisha malipo ya deni linalobishaniwa kwa nia njema.

Ukali huo una sababu. Ombi la kufunga kampuni hutangazwa hadharani, na tangazo peke yake laweza kuua biashara iliyokuwa hai: benki inasita, wasambazaji wanataka fedha taslimu, wafanyakazi wazuri wanaanza kutafuta kazi kwingine. Shauri likitupwa miezi sita baadaye, madhara yamekwisha kutokea, na yamewaangukia watu ambao hawakuwa na ugomvi wowote kuhusu unga.

Ubishi wa kweli hutambuliwaje? Kwa sehemu kubwa, kwa tarehe. Barua ya kulalamikia mzigo iliyoandikwa wiki ile ile ulipopokewa ina uzito, na hati ya mapokezi yenye maelezo kwamba magunia kadhaa yamekataliwa ina uzito zaidi. Malalamiko yanayozaliwa baada ya notisi kufika, ilhali kabla ya hapo mdaiwa alikuwa akiomba avumiliwe hadi mwisho wa mwezi, hayamsaidii sana, kwa kuwa anayeomba muda wa kulipa amekwisha kukiri deni. Tena, ikiwa sehemu isiyobishaniwa inatosha kuvuka kiwango cha sheria, ubishi juu ya salio kwa kawaida hauiokoi kampuni.

Kwa mtu binafsi, kanuni za Kenya za mwaka 2016 zinampa nafasi ya kuomba notisi itenguliwe. Mahakama inaweza kuitengua ikiwa naye anamdai mdai wake kiasi kinachofikia au kuzidi deni hilo, ikiwa deni linabishaniwa kwa hoja nzito, au ikiwa mdai tayari ameshika dhamana yenye thamani ya kutosha. Sheria ya Uganda iliweka utaratibu wa kutengua notisi ndani ya sheria yenyewe, nayo ikabana muda: siku 20 za kazi za kuitii notisi, lakini siku 10 tu za kazi za kuomba itenguliwe. Mfanyabiashara anayeiweka barua mezani akisubiri mwisho wa mwezi huenda akakuta mlango umefungwa.

Kiwango cha shilingi 100,000 kwa kampuni ni kidogo mno, nacho kinashawishi wadai kuigeuza mahakama ya ufilisi kuwa fimbo ya kukusanyia madeni. Hata hivyo, kukipandisha sana kungemfungia nje msambazaji mdogo, ambaye mara nyingi ndiye anayeumia kwanza. Dawa bora, kwa maoni yangu, ni gharama: mdai aliyejua kwamba deni linabishaniwa na bado akaleta ombi alipishwe gharama halisi za mwenzake.

Zuio

Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi badala ya mfilisi, sheria huweka zuio. Mwenye dhamana hawezi kukamata mali, wala mwenye jengo kuirudisha nyumba mikononi mwake, bila ridhaa ya msimamizi au kibali cha mahakama. Nakumatt, iliyowekwa chini ya msimamizi Januari 2018 huku ikidaiwa na mabenki, wasambazaji na wenye majengo, ilionyesha jinsi zuio linavyogawanya maumivu. Miaka miwili baadaye wadai walipiga kura ya kuifunga.

Mwenye jengo anapoomba kibali, jaji hupima. Uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Uingereza wa mwaka 1990 katika shauri la Atlantic Computer Systems unatoa mwongozo wenye manufaa, kwani sehemu ya sheria ya Kenya kuhusu usimamizi imefuata muundo wa Uingereza. Mwombaji ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha sababu, lakini haki yake juu ya mali yake hupewa uzito mkubwa, na kwa kawaida uokoaji wa kampuni haupaswi kugharimiwa naye peke yake. Katika mizani hiyo, msimamizi anayelipa kodi ya pango ya miezi inayoendelea huwa na nguvu kuliko yule anayekaa bure.

Foleni ya wadai

Baada ya gharama za ufilisi wenyewe, mshahara wa miezi minne ya mwisho huja mbele ya madai yasiyo na dhamana, lakini usizidi shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi. Kinachobaki kinaungana na madai ya kawaida. Kwa hiyo swali la iwapo mtu ni mfanyakazi au mkandarasi wa kujitegemea huamua kama atapata kitu au atatoka mikono mitupu, na mahakama hutazama kazi ilivyofanyika kuliko jina lililoandikwa kwenye mkataba.

Kwa raia asiye na mali, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, Kenya ina utaratibu mwepesi unaomfungulia baada ya miezi 12, wakati mufilisi wa kawaida husubiri miaka mitatu. Mgogoro hapa ni wa ukweli. Mdai akionyesha kwamba shamba liliandikwa kwa jina la shemeji ili lisionekane, nafuu hiyo inaweza kuondolewa.

Raia huyo ndiye anayenirudisha kwenye neno. Fomu ya notisi katika kanuni za Kenya imeandikwa kwa Kiingereza. Anayeipokea huuliza jirani, na jirani humwambia kwamba anafilisiwa. Ningependekeza kila notisi iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye sentensi tatu juu kabisa: kwamba mali yako haijakamatwa, kwamba una haki ya kuibishia notisi hii mahakamani, na tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo.